Likizo Bila Ndugu: Siku Nne Tanga, Mwezi wa Tisa

Hebu jiulize, msomaji: ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlisafiri kwenda mahali ambapo hamna ndugu, hakuna msiba wala harusi? Kama jibu ni "fungate", mko wengi. Kama hata fungate mlilala kwa shangazi, basi karibu kwenye chama chetu.

Kwa Mtanzania aliyeajiriwa, likizo maana yake ni nyumbani. Hata nauli ya likizo ya mtumishi wa umma huhesabiwa kwenda kwao, si kwenda ufukweni! Kwetu sisi nyumbani ni Bukundi, wilayani Meatu, mkoa wa Simiyu, anakotoka mume wangu. Miaka sita ya ndoa, likizo sita Bukundi. Napapenda, sisemi vibaya. Mwezi wa tisa pamba imeshauzwa, mashamba yanasubiri mvua, na watu wana muda wa kukaa na kuongea. Tatizo ni kwamba kule mimi na mume wangu hatuonani. Yeye ni mtoto wa kwanza. Asubuhi anaitwa kwenye mambo ya ng'ombe, mchana mpaka wa shamba, usiku mtu anabisha hodi na karatasi ya ada. Mie niko jikoni na mawifi. Tunakutana kitandani, na mmoja ameshalala.

Safari hii tukagawa siku: tano Bukundi, nne Tanga. Mama mkwe alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Huko Tanga mtafikia kwa nani?"

"Hotelini, Mayu," mume wangu akajibu.

"Yaani mtalipia kulala, na nchi nzima mna ndugu?"

Hakukasirika. Alishangaa tu, na kesho yake akatufungia mfuko wa michembe, maana alijua huko hatuna wa kutupikia.

Kwa nini Tanga? Majarida ya nje huisifia sana Essaouira, mji wa ngome kwenye pwani ya Morocco, kwamba uende mwanzoni mwa vuli lao, joto la kiangazi likishapungua. Sawa. Lakini na sisi tuna Septemba yetu. Masika yamekwisha, vuli haijaanza, kusi inalegea na hewa haijawa nzito. Tena Tanga huendi kwa ndege ya mkopo. Tulivuka daraja la Sibiti kuingia Singida, tukaenda Babati, Arusha, Moshi, mpaka Segera, tukilala njiani. Baada ya hapo ni mkonge kulia na kushoto, na machungwa ya Muheza dirishani. (Mkonge huo uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mume wangu, mtoto wa pamba, aliukagua kama mtu anayemtazama mpinzani.)

Tanga ni mji usio na haraka. Barabara za Ngamiani zina namba badala ya majina, kwa hiyo hata mgeni hapotei sana. Baiskeli ni nyingi na ardhi ni tambarare. Tukakodi mbili. Sikuwahi kumwona mume wangu juu ya baiskeli. Anaendesha vibaya, na anacheka kwa sauti ambayo Bukundi haitoi kwa sababu kule yeye ni mzee wa ukoo mwenye miaka thelathini na minane.

Tulikwenda mapango ya Amboni, kilomita kama nane kutoka mjini. Vaeni viatu vya kushika, kuna mahali mnainama na mahali mnashikana mikono mtake msitake. Watu wa pwani watawatania pia kwamba aendaye Tanga hunaswa na mahaba harudi. Mjiandae na jibu.

Lakini kilichofanya safari iwe na maana kilitokea Raskazone, jioni ya tatu, tukiwa tumekaa ukutani tunatazama kisiwa cha Toten. Maji yalikuwa yamekupwa. Asubuhi yalikuwa yamejaa mpaka miguuni petu, sasa ni matope na kaa. Mume wangu akayatazama muda mrefu.

"Unajua," akasema, "hii ni mara ya kwanza tangu nianze kazi nalala mahali ambapo hakuna anayenidai."

Sikumjibu. Akaendelea mwenyewe. Akasema kuna mkopo aliouchukua mwaka juzi kumsomesha mdogo wake chuo, na kwamba mdogo huyo sasa ameajiriwa, lakini makato bado yanakatwa kwake. Akataja kiasi. Nilikuwa nimeona mshahara unapungua nikadhani mengine, mnajua wenyewe tunavyodhani.

Kha! Nilitaka kupiga kelele. Ila ukutani pale hapakuwa na wifi wa kunisikia wala jiko la kukimbilia, na yeye hakuwa na kikao cha kuitiwa. Ikabidi tuongee. Tuliongea mpaka mbu wakatufukuza, tukahamia kwenye kahawa chungu na kashata, tukaendelea. Usiku ule tuliandika nyuma ya risiti ya hoteli kiasi ambacho kila mwezi kitakwenda Bukundi, na kiasi ambacho mdogo mtu atabeba mwenyewe.

Tulimpigia simu tukiwa bado Tanga, asubuhi ya kuondoka, simu ikiwa mezani katikati yetu. Alisikiliza, akasema atafikiria. Sasa ni wiki ya tatu, hajapiga, na makato ya mwezi huu yamepita palepale. Mama mkwe ndiye aliyepiga. Alitaka kujua kama michembe ilitosha, na chumba kilikuwa shilingi ngapi.