Tangazo la kwanza la duka la mtandaoni

Maduka mengi madogo ya mtandaoni nchini Tanzania hayana tovuti. Yana ukurasa wa Instagram, namba ya WhatsApp na bodaboda mmoja anayeaminika. Mteja huona picha, huuliza bei, hulipa kwa simu, kisha husubiri mzigo. Mpango huu humwezesha mtu kuuza vitenge au viatu kwa mtaji mdogo bila kulipia fremu. Tatizo ni kwamba asiye na fremu hana mlango wa kugongwa mambo yakiharibika, wala jirani wa kumdhamini. Anayetakiwa kulipa kwanza ndipo atumiwe mzigo ana haki ya kusita, hasa ikiwa aliwahi kutapeliwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kulitangaza duka la namna hii ni kumwondolea mnunuzi wasiwasi, na sehemu hiyo haigharimu pesa.

Kazi huanzia kwenye bei. Mtindo wa kuandika “bei njoo DM” umezoeleka mno, na wanaoutumia hutoa sababu mbili: washindani wasijue bei, na mteja akishafika DM ni rahisi kumshawishi. Sababu ya kwanza haina uzito, kwa kuwa mshindani naye anaweza kujifanya mteja na kuuliza. Ya pili ina ukweli kwa vitu vya kupatana, kama kabati la kuagiza kwa fundi. Kwa gauni la shilingi 35,000, mtu mwenye haraka huhisi ameandaliwa bei ya kukisiwa kwa sura yake, akapita. Maelezo yanayouza hutaja bei, saizi zilizobaki, mji ambako mzigo upo, nauli ya bodaboda, na gharama ya kutuma mkoani kwa basi.

Picha zinahitaji uaminifu kuliko ufundi. Simu ya kawaida na mwanga wa dirishani vinatosha, mradi kitambaa kionyeshwe pia upande wa ndani, na kiatu kionyeshwe soli. Kuazima picha za kiwanda cha China huleta oda nyingi za haraka, kisha malalamiko mengi ya haraka. Video iwe fupi. Bando la mteja nalo ni pesa.

WhatsApp ndiyo yenye faida kubwa kwa anayeanza, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Toleo la WhatsApp Business, lililotoka Januari 2018, ni la bure: lina katalogi ya bidhaa na bei zake, salamu inayojituma yenyewe, majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na lebo za kumtenganisha aliyelipa na anayeuliza tu. Linahitaji namba isiyotumika kwenye WhatsApp ya kawaida, kwa hiyo wengi hununua laini ya pili. Kinachosahaulika ni namna ujumbe unavyosafiri. Ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia tu yule aliyehifadhi namba ya muuzaji. Stetasi nayo, inayodumu saa 24, huonekana pale ambapo muuzaji na mteja wamehifadhiana namba. Mtu anaweza kukusanya namba mia tatu, akatangaza kila asubuhi, na asisomwe na hata robo yao. Dawa ni kumwomba mteja ahifadhi namba siku ile ile anapopokea mzigo wake na kuridhika, kwa sababu wakati huo hakatai. Kumwingiza kwenye kundi bila kumuuliza huishia kwa yeye kujitoa, au kulinyamazisha kimya kimya.

Kwenye Instagram, sehemu ya jina chini ya picha ya ukurasa husomwa na kisanduku cha kutafutia. Anayeandika hapo “Vitenge Mwanza” hupatikana na anayetafuta vitenge akiwa Mwanza, jambo ambalo jina tamu la kubuni peke yake haliwezi. Kiungo kinachowekwa ndani ya maelezo ya posti hakibonyezeki. Mahali pake ni kwenye wasifu, kikielekeza WhatsApp moja kwa moja. Posti tatu zinaweza kubandikwa juu ya ukurasa: moja ya namna ya kuagiza, moja ya malipo, moja ya wateja waliopokea mizigo. Kununua wafuasi ni kutupa pesa, kwani akaunti hizo hazivai viatu.

Google nayo hutoa wasifu wa bure unaoonekana kwenye ramani, ila ni kwa biashara zinazokutana na wateja ana kwa ana, dukani au kwao. Muuzaji wa mtandaoni tupu hastahili.

Malipo ni sehemu ya tangazo pia. Mteja anapoingiza Lipa Namba na kuliona jina la biashara kabla ya kuweka namba ya siri, shaka hupungua. Akikutana na jina la mtu asiyemjua, huongezeka.

Tangazo la kulipia lije baada ya hayo yote. Lianze na posti ambayo tayari imeleta maswali bila kulipiwa, lilenge mji ambao mzigo unaweza kufika, na liende siku chache kwa kiasi ambacho kikipotea hakitagusa mtaji. Kila mnunuzi aulizwe alikoliona duka, na jibu liandikwe. Kiasi kilicholipwa kikigawanywa kwa idadi ya walionunua, si walioipenda posti, muuzaji hujua kama tangazo linakula faida. Wakati una uzito wake pia: mwisho wa mwezi mshahara unapoingia, wiki za kuelekea Idi, Januari shule zinapofunguliwa. Mzigo wa sikukuu uliotangazwa kabla haujafika mkononi ni hatari tupu.

Picha za wateja na mazungumzo yao huuza vizuri, lakini huwekwa hadharani kwa ridhaa yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya simu na jina vifutwe kwenye picha ya mazungumzo. Kisheria, biashara yenyewe nayo inahitaji namba ya mlipakodi (TIN) kutoka mamlaka ya mapato, TRA, na jina linaloanza kujulikana husajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kabla halijaandikwa kwenye mifuko na vibandiko.