Je, Wajua? Kiajemi Ukishavuka Alifu

Je, wajua kwamba Kiajemi huandikwa kwa hati ya Kiarabu lakini hakina undugu na Kiarabu? Ukoo wake ni mmoja na Kihindi, Kirusi na Kiingereza. Waajemi waliongeza herufi nne za sauti zao, p, ch, zh na g, zikatimia 32. Nne kati ya hizo 32 zote husomwa "z" tu, na tatu husomwa "s". Anayesoma hasumbuki, ole wake anayeandika imla.

Irabu fupi nazo haziandikwi. K-r-m yaweza kuwa *kerm* (mnyoo), *karam* (ukarimu) au *kerem* (krimu ya kupaka). Ni maneno ya jirani yatakayokuambia ni ipi.

Je, wajua kwamba Mswahili anayejifunza Kiajemi huanza na mtaji? *U* ni yeye, awe mume au mke. Mwajemi pia "hula" kiapo, kama sisi tulavyo yamini. Akianguka "amekula ardhi", akishikwa na mafua "amekula baridi". Ila mtaani hata chai huliwa, kwa kitenzi kilekile, *khordan*.

Mtaani ndiko kwenye kazi. Kitabuni mkate ni *nan*, Tehran ni *nun*. Nyumba ni *khane*, wao husema *khune*. *Miravam*, yaani ninakwenda, hukatwa ikawa *miram*. Aliyesoma kitabu cha kwanza akakimaliza huongea kama msoma taarifa ya habari: wenyeji wanamwelewa vizuri, yeye hawaelewi. Ushauri wangu: sikiliza tamthilia mapema, usingoje kumaliza sarufi.

Pesa rasmi ya Irani ni riali, lakini watu hutaja bei kwa toman, na toman moja ni riali 10. Uliza kwanza ni ipi.

Je, wajua kwamba dereva wa teksi anaweza kukataa nauli yako? Unamuuliza kiasi gani, anajibu *qabel nadare*, si kitu hiki. Ukishukuru na kushuka, umemdhulumu. Huo ndio *taarof*, adabu ya kukataa na kusisitiza: yeye anakataa, wewe unashikilia, pengine mara mbili tatu, ndipo anataja bei. Hali hiyohiyo kwa mgeni anayekaribishwa chakula. Kukubali papo hapo huonekana pupa. Kujua ni lini mtu anakaribisha kwa dhati hakufundishwi na kamusi yoyote, na kwangu hili ni gumu kuliko sarufi yote ya Kiajemi.

Ukimkuta mtu kazini, mwambie *khaste nabashid*: usichoke. Kwa asante, *mersi* ya Kifaransa inatosha kabisa. Wairani wenyewe huitumia kila siku.

Mwaka mpya, Nowruz, huingia dakika ileile jua linapovuka ikweta mwezi Machi, hata kama ni saa tisa usiku, na familia huamka kuungoja. Mezani hupangwa vitu saba vyenye majina yanayoanza na "s", kama *sib* (tofaa), *sir* (kitunguu saumu) na *serke* (siki).

Na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, unaohusishwa na Nowruz hiyohiyo, mbona huangukia Julai? Kalenda yake ya Nairuzi ina siku 365 kamili, haina mwaka mrefu, basi karne kwa karne imekuwa ikiteleza.