Kindu: kuoga Lualaba wakati wa kiangazi bila kuchukuliwa na maji

Kiangazi kikifika, Lualaba hupungua na mchanga hutokea. Vijana wa Kasuku na wa ng'ambo, Alunguli, huugeuza ufuo wao. Maniema haina bahari. Hatari iko palepale: maji ni ya matope, mkondo hula mchanga kwa chini, na hatua moja baada ya magoti unaweza kukosa pa kukanyaga. Wazazi wengi huogopa mamba. Wapo, lakini mkondo haulali.

Ukichukuliwa, usishindane nao kurudi ulikoingilia, hata kama unajua kuogelea. Lala chali, miguu itangulie, piga mikono kimshazari kuelekea ukingo. Utatokea mbali chini, lakini mzima.

Aliye ukingoni asiruke majini. Anyooshe upondo wa mtumbwi, au arushe bidoni tupu ya lita 20, kifuniko kimekazwa, yenye kamba. Hiyo hubeba mtu mzima, na ni nyumba gani Kindu inakosa bidoni?

Akitolewa bila kupumua, msimkamue tumbo wala kumning'iniza kichwa chini. Mpulizieni pumzi mdomoni mara moja, mkandamizeni kifua, huku mwingine akitafuta pikipiki ya hospitali.