Muundaji ndege Pwani amfikirie fundi wa kesho

NA MWANDISHI WETU

UPEPO wa bahari unaowaburudisha wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe ndio huo huo unaokula mabati ya nyumba zao. Kwa yeyote anayeota kujiundia ndege katika sehemu hizi, chumvi ndiyo adui wa kwanza.

Wakenya kadhaa wamejaribu kuunda ndege. Mwaka wa 2010, mtaalamu wa kompyuta Gabriel Nderitu, wa Nyeri, alivuma nchini alipounda moja nyumbani kwake akitumia injini ya gari. Swali la watazamaji huwa ni iwapo ndege itapaa. Lililo zito zaidi ni hili: ikishapaa, itakaguliwaje?

Hatari yenyewe ilidhihirika Aprili 28, 1988, huko Hawaii. Ndege aina ya Boeing 737 ya shirika la Aloha, iliyozoea safari fupi fupi katika hewa ya chumvi ya visiwa hivyo, ilibanduka sehemu ya paa ikiwa angani. Mhudumu mmoja alifariki. Wachunguzi walisema ukaguzi ulishindwa kugundua uchakavu katika maungio ya mabati.

Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Inapoliwa hutoa unga mweupe, na uharibifu huweza kuanzia ndani ya bawa, mahali jicho halifiki. Ikigusana na boliti ya chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Kwa hivyo, dawa huanzia kwenye mchoro. Kila kipande kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuunganishwa, kwani baadaye brashi haitapenya. Matundu ya kutolea maji yawekwe pale yanapotuama.

Vile vile, kila penye kapi, bawaba au ncha ya waya wa usukani pawe na kijilango kinachofunguliwa kwa bisibisi. Betri na chujio la mafuta vifikiwe bila kuing'oa injini. Boliti ziwe za saizi chache ili spana chache zitoshe, na kila waya wa umeme uwe na alama yake.

Hata hivyo, vijilango hivyo vina gharama. Kila tundu hudhoofisha bati, na kuliimarisha huongeza uzani. Ndiyo sababu mahali pake huamuliwa mapema. Anayekumbuka tundu baada ya bawa kufungwa huenda akakata mahali panapobeba mzigo.

Mafundi wa majahazi wanaelewa hekima hii. Chombo hupandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikatiwa kalafati upya, kwa kuwa mbao zake zinaonekana na kufikiwa.

Idhini ya kuruka hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA). Lakini kabla ya mkaguzi kufika, muundaji ajipime mwenyewe: je, mkono wangu unafika kila mahali? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na angani hakuna nafasi ya kujenga.