Likizo, ruhusa, mapumziko na zamu: msamiati wa mkataba wa kazi wa dereva wa treni

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno likizo, ruhusa na mapumziko hubadilishana nafasi bila madhara makubwa. Katika mkataba wa kazi hayabadilishani. Kila moja lina hesabu yake na malipo yake, na mwandishi au mfasiri anayeyachanganya anaweza kumpunguzia mfanyakazi siku au ujira bila mtu yeyote kukusudia hivyo. Jambo hili humgusa zaidi dereva wa treni, kwa kuwa kazi yake humtoa nyumbani, humpitisha usiku macho, na huisha treni inapofika, si kengele inapolia. Makala haya yanafafanua istilahi hizo na kuonyesha namna ya kuziandika bila utata.

Mahali na sheria

Mifano ya makala haya imewekwa mkoani Pwani, katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, ambamo jina Gwata linapatikana. Ukanda huu unaotoka Dar es Salaam hupitiwa na reli tatu za vipimo tofauti: Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024.

Sheria inayoongoza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo huweka viwango vya chini. Juu ya viwango hivyo hujengwa makubaliano kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Katika sekta ya reli nchini Tanzania chama hicho ni TRAWU. Makubaliano hayo huitwa mkataba wa hali bora. Usichanganywe na mkataba wa ajira, ambao ni wa mtu mmoja na mwajiri wake. Mkataba wa hali bora ni wa pande mbili kwa niaba ya wengi: huandikwa, hutiwa saini, na nakala yake huwasilishwa kwa Kamishna wa Kazi. Chama kikitambuliwa kuwa mwakilishi pekee wa wafanyakazi wa kundi fulani, mkataba huo huwafunga hata wale wa kundi hilo ambao si wanachama.

Dereva, si mhandisi

Kosa la kwanza la wafasiri hutokea kabla ya kifungu chochote cha likizo. Katika Kiingereza cha Marekani, anayeendesha treni hupewa jina lile lile linalotumiwa kwa mhandisi. Mfasiri asiye makini huandika *wahandisi wa reli* pahali palipotakiwa *madereva wa treni*. Katika Kiswahili watu hao ni wawili. Mhandisi husanifu, hujenga na husimamia mitambo au njia. Dereva wa treni huendesha kichwa cha treni, mara nyingi pamoja na msaidizi wa dereva. Kwa kuwa chama hujadiliana na mwajiri kwa niaba ya kundi maalumu la wafanyakazi, jina likikosewa, kundi zima hubadilika: haki za madereva huonekana kuwa za watu wanaofanya kazi nyingine kabisa.

Likizo

Nomino hii imetokana na kitenzi *likiza*, chenye maana ya kuachisha, kama vile kumwachisha mtoto ziwa. Maana ya kuachwa huru kwa muda imebaki ndani yake. Katika sheria ya kazi, likizo ni muda wa kutokuwapo kazini ambao mfanyakazi anaudai kwa haki.

*Likizo ya mwaka* ni angalau siku 28 mfululizo katika mzunguko wa miezi 12, yenye malipo. Neno mfululizo ndilo lenye uzito. Humaanisha kwamba siku zote za kalenda huhesabiwa, Jumapili zikiwamo, na sikukuu inayoangukia ndani ya kipindi hicho huhesabiwa pia. Siku 28 mfululizo basi ni wiki 4 kamili. Mfasiri akiandika *siku 28 za kazi*, kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki ameongeza zaidi ya nusu wiki ambayo mkataba haukuahidi. Na pale ambapo mkataba umekusudia siku za kazi kweli, kuandika *siku 28* pekee kunamnyang'anya dereva muda huo huo.

*Likizo ya ugonjwa* ni angalau siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mizunguko hii miwili haina urefu mmoja, kwa hiyo *mzunguko wa likizo* usitajwe bila kuambatanishwa na idadi ya miezi.

Mpangilio wa maneno nao huleta utata. Kirai *likizo yenye malipo ya siku 28* husomeka kwa namna mbili: likizo ni ya siku 28, au malipo ndiyo ya siku 28 na urefu wa likizo haukutajwa. Andika *likizo ya siku 28 mfululizo, yenye malipo*.

Ruhusa

Ruhusa ni idhini. Huombwa, na anayeombwa anaweza kukataa. Hapo ndipo inapotengana na likizo, ambayo mwajiri anaweza kuipangia wakati lakini hawezi kuikana.

Tofauti hii ina bei. Sheria inamruhusu mwajiri kupunguza siku za likizo ya mwaka kwa idadi ya siku za ruhusa yenye malipo alizompa mfanyakazi kwa ombi la mfanyakazi mwenyewe. Dereva aliyeomba siku 3 kwenda kusimamia mavuno anaweza kubakiwa na siku 25 za likizo. Lakini akifiwa na mzazi, hali ni nyingine: sheria inampa siku za msiba zenye malipo, na siku hizo hazitoki katika zile 28. Watu wengi husema *ruhusa ya msiba*, na katika mazungumzo usemi huo haudhuru. Katika mkataba, andika *likizo ya msiba*, ili haki isije ikasomwa kama hisani na kukatwa kama ruhusa.

Mapumziko

Nomino hii ina uhusiano na *pumzi* na *pumua*: ni muda wa kuvuta pumzi. Tatizo lake ni kwamba jina moja hubeba mambo matatu yanayotofautiana kisheria:

- *Mapumziko ya kazini*: angalau dakika 60 kwa aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya muda wa saa 5.
- *Mapumziko ya siku*: angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena.
- *Mapumziko ya wiki*: angalau saa 24 mfululizo.

Neno *mapumziko* lisiachwe peke yake katika kifungu chochote. Daima lifuatwe na sifa yake.

Chukua mfano. Treni ya mizigo imesimamishwa karibu na Gwata ili ipishane na treni nyingine, kwa kuwa njia ni moja. Imesimama saa nzima na zaidi. Mtu wa kawaida atasema treni *imepumzika*, na dereva *amepumzika* pamoja nayo. Je, hayo ndiyo mapumziko ya kazini? Sheria inasema mwajiri halazimiki kulipia muda wa mapumziko, isipokuwa mfanyakazi anatakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi katika muda huo. Dereva aliyebaki kwenye kichwa cha treni akingoja ishara yuko tayari kwa kazi. Mkataba ulioandikwa vizuri utauita muda huo *muda wa kusubiri kazini*, na utasema wazi kwamba unahesabiwa. Mkataba ulioandika *mapumziko ya njiani* umefungua mlango wa kutolipa.

Tahadhari kama hiyo ihusu neno kituo. *Kituo cha treni*, au stesheni, ni mahali treni inaposimama. *Kituo cha kazi* ni mahali mfanyakazi alipoajiriwa au alipohamishiwa. Kifungu kinachosema *dereva atapumzika kituoni* hakielezi kama analala kwake au ugenini, ingawa posho ya kujikimu hutegemea jibu hilo.

Zamu, safari na uhamisho

*Zamu* ni nafasi ya mtu katika kupokezana kazi. Kwa askari au muuguzi, zamu ina mwanzo na mwisho unaojulikana. Kwa dereva wa treni kuna pia safari, ambayo mwanzo wake umepangwa lakini mwisho wake hutegemea njia. Mkataba unaotumia *zamu* kwa yote mawili huacha swali: treni ikichelewa, zamu imekwisha kwa saa au kwa kufika? Kwa mujibu wa sheria, saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hazizidi 50 katika wiki 4 na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Wala makubaliano hayawezi kumfanya mtu afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Maneno *zamu* na *safari* yapewe fasili zao mwanzoni mwa mkataba.

Vitenzi navyo vitenganishwe. *Kupangiwa* safari ya Morogoro ni kwenda na kurudi. *Kuhamishiwa* Morogoro ni kubadilisha kituo cha kazi. Kitenzi *kupelekwa* hubeba maana zote mbili, na kwa sababu hiyo hakifai. Dereva anayewekwa tayari kuziba pengo la mwenzake ni *dereva wa akiba*, na mkataba useme kama saa za akiba ni saa za kazi.

Saa na usiku

Hapa Kiswahili chenyewe kina mitego yake. Sentensi *dereva atapumzika saa 12* ina maana mbili: kwa muda wa saa 12, au ifikapo saa 12. Baadhi ya wasemaji hukwepa utata kwa kusema *masaa*, umbo ambalo uandishi rasmi haulipendelei. Njia salama ni kutaja neno *muda*: *atapumzika kwa muda wa saa 12 mfululizo*.

Kazi ya usiku kisheria ni ile inayofanywa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kila saa yake huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa kuwa ratiba za reli huweza kuandikwa kwa mfumo wa saa 24, mkataba utaje mifumo yote miwili: *saa 2 usiku (20:00)*.

Mtego mkubwa zaidi ni jina la usiku. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua; *usiku wa Ijumaa* ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Wengi siku hizi humaanisha usiku unaoufuata mchana huo. Dereva aliyeandikiwa *usiku wa Ijumaa, saa 4* anaweza kufika kazini siku nzima baada ya treni kuondoka, na kosa likahesabiwa kuwa lake. Lugha tayari ina dawa yake: *usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa*.

Atapewa, anaweza kupewa. Si chini ya, hadi

Kitenzi cha wakati ujao katika mkataba huweka wajibu: *atapewa* ni haki. *Anaweza kupewa* ni hiari ya mtoaji. Vivyo hivyo, *si chini ya saa 12* huweka sakafu, lakini *hadi saa 12* huweka dari. Kifungu kinachosema *mapumziko ya siku ya hadi saa 12* kimegeuza kiwango cha chini kuwa cha juu, na mwajiri anayetoa saa 6 atakuwa amekitimiza.

Uzito wa majina ya siku ulionekana Marekani mwaka 2022, katika mgogoro kati ya kampuni za reli na vyama vya wafanyakazi, chama cha madereva wa treni kikiwamo. Makubaliano yaliyofanywa sheria mwezi Desemba yaliongeza siku 1 ya binafsi yenye malipo. Pendekezo la siku 7 za likizo ya ugonjwa halikupita katika Seneti. Mfasiri anayeziita zote *siku za mapumziko* ameifuta hoja yenyewe iliyogombaniwa.

Kwa ufupi

| Usiandike | Andika |
|---|---|
| wahandisi wa treni | madereva wa treni |
| likizo yenye malipo ya siku 28 | likizo ya siku 28 mfululizo, yenye malipo |
| ruhusa ya msiba | likizo ya msiba |
| mapumziko ya njiani | muda wa kusubiri kazini |
| atapelekwa Morogoro | atapangiwa safari ya Morogoro / atahamishiwa Morogoro |
| atapumzika saa 12 | atapumzika kwa muda wa saa 12 mfululizo |
| usiku wa Ijumaa | usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa |

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, maneno haya hayaishii tena katika tafsiri ya kusaidia kuelewa. Mgogoro ukifikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kinachosomwa ni neno lililoandikwa. Dereva aliyengoja karibu na Gwata hadi njia ikawa wazi atalipwa, au hatalipwa, kulingana na neno hilo.