Sukari Inayovusha Chumvi

Mgonjwa wa kipindupindu hukauka huku utumbo wake umejaa maji. Ugonjwa ukiwa mkali, mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, na maji hayo yote hupita kwenye mrija ambao, kwa hesabu ya mwili, bado ni nje. Maji yaliyomezwa hayajawa ya mwili mpaka yavuke seli zinazoufunika utumbo kwa ndani. Ndiyo maana nashikilia kwamba sukari iliyomo kwenye ORS, yale maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mgonjwa wa kuhara, haikuwekwa kwa ajili ya ladha wala kumtia mgonjwa nguvu. Kazi yake ni kuvusha chumvi, na asiyelijua hilo ni rahisi kuikoroga vibaya.

Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, unene wake takriban nanomita 5. Oksijeni huupenya bila taabu. Sodiamu yenye chaji ya umeme haipiti kwenye mafuta hayo, na glukosi nayo hukwama, kwa kuwa ni kubwa na huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Zote mbili huhitaji protini zilizopachikwa katika utando. Maji yana njia zake, zikiwemo protini za akwaporini zilizompatia Peter Agre Tuzo ya Nobel mwaka 2003, lakini hakuna pampu inayoyasukuma. Huelekea kule vitu vilivyoyeyuka vilikozidi. Basi anayetaka kuvusha maji hana budi kuvusha kwanza chumvi.

Upande wa seli unaoelekea kwenye damu kuna pampu ambayo Jens Christian Skou aliieleza mwaka 1957. Hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, ikitumia nishati ya seli. Kwa sababu hiyo sodiamu huwa chache ndani ya seli wakati wote, na ile iliyo utumboni huvutwa kuingia. Agosti 1960, mjini Prague, Robert Crane alitoa hoja kwamba mvuto huo ndio unaoingiza glukosi, kwa kuwa viwili hivyo huvuka pamoja. Leo protini inayovibeba inaitwa SGLT1, na inajulikana kwamba kila glukosi 1 huvuka na sodiamu 2. Sumu ya kipindupindu hufungua mifereji ya kloridi, chumvi na maji vikamwagika utumboni, tena huifunga njia nyingine ya kufyonza chumvi. SGLT1 haiigusi. Mwanya huo mmoja ndio uliookoa watu wasiohesabika.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na glukosi, na mahitaji ya dripu yakapungua kwa asilimia 80. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliyatumia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipokuwa zinakwisha. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4.

Atatokea wa kusema kwamba wazee wetu walitibu kuhara kwa uji na madafu bila kusikia habari za protini. Uji wa mchele wenye chumvi kweli husaidia, na sababu ni ileile: wanga humeng'enywa kuwa glukosi. Madafu yana sukari na potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni kidogo mno kwa mgonjwa anayeimwaga chumvi kwa kasi hiyo. Mwingine atauliza kwa nini sukari isiongezwe, au pakiti ya lita moja isikorogwe kwenye nusu lita ili dawa iwe kali. Hapo dawa hugeuka kuwa madhara, kwa sababu sukari isiyofyonzwa hubaki utumboni na kuyavuta maji kutoka mwilini. Soda huweza kuleta balaa hilohilo. Ushahidi wa namna hiyo ulilifanya Shirika la Afya Duniani kupunguza vipimo mwaka 2002: glukosi ikatoka milimoli 111 hadi 75 kwa lita, sodiamu kutoka 90 hadi 75.

Pingamizi zito zaidi ni la mama anayeona mtoto amekunywa ORS na bado anaharisha. Anachokiona ni kweli. ORS haifungi mifereji ya kloridi. Huingiza maji kwa kasi inayofidia yanayotoka, wakati mwili unapambana na ugonjwa. Mgonjwa aliyezimia au asiyeweza kunywa anahitaji dripu mara moja. Kwa mtoto anayeweza kunywa, choo si kipimo cha kama dawa inafanya kazi. Kipimo ni mkojo uliorudi, machozi anapolia, na ngozi ya tumbo inayorejea haraka ikifinywa.