Je, Wajua? Maajabu ya Gari la Dizeli la Familia

Wewe wa Mbweni unayesaka gari la juu la kubeba watoto, bibi na gunia la mchele, gari la mtumba lakini zima, sogea hapa. Leo tunafunua boneti!

Je, wajua injini ya dizeli haina plagi za cheche? Inabana hewa mpaka joto linapita nyuzi 500, kisha dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka yenyewe. Plagi utakazozikuta ni za kupasha joto tu wakati wa kuwasha.

Je, wajua mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga? Mvumbuzi wake, Rudolf Diesel, alikuwa ameonyesha injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri miaka 3 tu kabla. Ndiyo, karanga hizi hizi unazotafuna!

Je, wajua lita 1 ya dizeli ina nishati zaidi ya lita 1 ya petroli kwa asilimia 10 hadi 15? Ongeza na ule mbano mkubwa wa hewa, utaelewa kwa nini gari zito la dizeli linakwenda mbali kwa tangi moja.

Je, wajua herufi mbili za mwanzo za namba ya modeli ya Prado zinakutajia injini? Fungua boneti, usome kibati. KZ na KD ni dizeli ya lita 3.0, GD ni dizeli ya lita 2.8; ukikuta TR au GR, hiyo ni petroli, hata dalali aape vipi.

Shika na hili: kuanzia 2007 hadi 2015 Toyota haikuwauzia Wajapani Prado mpya ya dizeli! Kwa hiyo ukionyeshwa Prado ya dizeli ya mwaka 2011, jua haikuanzia maisha kwenye barabara za Japani. Uliza ilikotoka: Uingereza? Australia? Au iliuzwa mpya hapa hapa?

Je, wajua geji ya gari la Uingereza husoma maili? Ukiona 80,000 usishangilie mapema, maana hizo ni karibu kilomita 129,000. Ukipata namba yake ya kule, ingia tovuti ya serikali yao, GOV.UK, uone bure maili zilizoandikwa kila lilipokaguliwa.

Je, wajua Harrier, lile lililojaa barabara ya Bagamoyo, halijawahi kutoka na injini ya dizeli tangu lizinduliwe mwaka 1997? Ukiitaka dizeli, mlango ni mwingine. Jaribu Prado, Pajero, au Mazda CX-8 yenye safu tatu za viti, iliyoingia sokoni Japani Desemba 2017 ikiwa na dizeli peke yake!

Je, wajua Pajero ilishinda mbio za Dakar mara 12? Ukiacha malori, hakuna gari lingine lililoifikia. Na dizeli yenyewe, malori kando, ilinyakua ushindi wake wa kwanza kwenye mbio hizo mwaka 2009, kupitia Volkswagen Touareg.

Je, wajua oili nyeusi kwenye dizeli si dalili ya uzembe? Inaweza kuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu inabeba masizi. Ya kuogopa ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa: hapo maji yameingia kwenye injini.

Je, wajua moshi unasema? Mweusi: mafuta mengi, hewa kidogo. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto: huenda inakunywa maji ya rejeta, au dizeli inatoka bila kuungua.

Je, wajua muuzaji anaweza kuficha ugonjwa wa dizeli kwa kuiwasha kabla hujafika? Injini iliyochoka huonekana ikiwa baridi: inagoma, inatetemeka, inafuka. Weka kiganja kwenye boneti kabla hujasema hata bei. Likiwa la moto, rudi kesho asubuhi.

Je, wajua nozeli za Prado ya lita 2.8 zinaweza kupokea dizeli kwa shinikizo la bar 2,200? Tairi lako lina kama 2 na kidogo tu. Hiyo ni karibu mara 1,000, na ndiyo maana vumbi kidogo au maji kwenye dizeli huleta hasara kubwa!

Je, wajua mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili kuua uchakachuaji? Yalikuwa nafuu mno, na wajanja waliyachanganya na dizeli. Jaza kwenye sheli unayoiamini.

Je, wajua dizeli nyingi za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosti, nalo hujisafisha kwa joto la nyuzi kama 600? Joto hilo linahitaji mwendo mrefu usiokatika. Foleni ya kila asubuhi kutoka Mbweni hadi Posta hailipi nafasi hiyo, basi mara moja moja lipeleke gari Bagamoyo likapumue.

Je, wajua Prado ya 2010 imeruhusiwa kuvuka maji ya kina cha sentimita 70 tu? Masika yakijaza mtaa, pima kwanza. Maji hayabaniki, yakivutwa ndani ya injini, yanapinda vyuma. Ndiyo maana ile Land Cruiser "mkonga" huvutia hewa yake juu, usawa wa paa.

Je, wajua namba ya gari haisemi umri wake? Namba E inaonyesha lilisajiliwa Tanzania lini, si lilitengenezwa lini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda miaka 15. Tanzania linaingia, ila kuukuu hutozwa kodi zaidi.

Je, wajua kila ukijaza mafuta unalipa ile "road license" ya zamani? Ilifutwa mwaka 2017, na shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita. Gari lisilobugia mafuta linakupunguzia na hiyo!

La mwisho: faini za barabarani ambazo hazijalipwa huonekana kwenye mfumo wa Polisi kwa namba ya gari. Ni kazi ya dakika moja kwenye simu.

Sasa fanya hivi, ndugu yangu. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, nenda na fundi wako mwenyewe na si wa dalali, soma chesisi na uilinganishe na kadi. Gari lililopita hapo, lipie. Lililogoma hata jambo moja, liache. Yadi bado zimejaa.